Chumvi Chini ya Turubai

Mimi sionji chakula nikipika. Watu wamenishangaa kwa hilo miaka mingi, na wengine wamesema ni maringo. Si maringo. Mwaka wa tisini na nne, wiki tuliyomzika mume wangu Mwololo, nilimwambia Mungu kwamba siku ya kazi sitaweka kitu mdomoni mpaka mtu wa mwisho amalize sahani yake. Sikumwambia mtu mwingine.

Utauliza, sasa chumvi nilijuaje? Nilijua kwa nyuso. Nampa mtu wa kwanza sahani, naangalia kijiko cha kwanza kikiingia. Chumvi ikizidi, macho yanapepesa. Ikipungua, mtu anatafuna polepole akiangalia mbali, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ikitosha haangalii popote, anainama tu. Hapo ndipo napakulia wengine.

Mwololo alikuwa mchongaji katika machimbo ya mawe hapa Kitengela. Jiwe lilimshukia asubuhi, kabla ya chai. Wenzake walimtoa kwa mikono yao, na walikuja wote mazishini kule kwetu Makueni, wamevaa mashati safi yaliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Niliporudi kwa kile chumba chetu cha Noonkopir, hapa hapa Kitengela, nikakuta sijui kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono ulikuwa unachota tu kama kawaida. Binti yetu Ndanu alikuwa shule ya bweni. Siku ya tatu nikapika muthokoi, yaani yale mahindi yetu ya kutwangwa mpaka ganda litoke, nikachanganya na maharagwe, sufuria nzima kama ya matanga. Nikajitwika kichwani mpaka machimboni.

Wale wanaume waliweka nyundo chini. Walikula, na mimi nikawaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kifua changu kikapata nafasi.

Hivyo ndivyo biashara ilianza. Sikuipanga. Mmoja wao, Kisilu, ambaye alikuwa fundi wa kila kitu, aliniundia mkokoteni kwa mabomba ya chuma na magurudumu ya gari lililokufa. Ulikuwa na nafasi ya majiko mawili, sufuria kubwa, beseni la kuoshea, na turubai la kuzuia jua. Nikawa nausukuma kutoka shimo hili mpaka lile, kokote walikokuwa wanachonga. Miaka tisa.

"Mama Ndanu," Kisilu alikuwa akisema, "leo muthokoi yako inalia."

"Inalia nini?"

"Inalia nyama."

"Nyama? Oa, upikiwe kwako."

"Nani atakubali kuolewa na vumbi hili?" Na wote wanacheka, mdomo umejaa, na mimi nawaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Halafu nakula.

Mwaka wa elfu mbili na tatu yale mashimo yakafika maji. Mawe mazuri yakaisha, tajiri akahamisha mashine, na wanaume wakatawanyika, huyu Mlolongo, yule Juja. Kisilu alikuja kuniaga. Akausukuma mkokoteni kidogo mbele na nyuma kuona kama magurudumu yanalia, akapaka grisi, akaenda.

Nilijaribu mjini. Kitengela ilikuwa imeanza kukua kama unga uliotiwa hamira, kila mwezi ghorofa mpya, hoteli mpya. Lakini watu wa mjini wananunua chakula kimefungwa kwa karatasi na wanaondoka nacho. Mtu anakula akitembea, amekupa kisogo. Sahani zangu za bati zilibaki zimepangwa. Ndanu, ambaye sasa alikuwa akishona nguo katika kiwanda cha Athi River na amepanga chumba huko, aliniambia, "Mum, si upumzike? Pika kidogo, kula, lala."

Nilinunua sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Nikapika ndani yake siku nne. Nikawa nakula nimesimama mlangoni, kwa sababu nikikaa chini nasikia kijiko changu peke yake. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, kuona mtu akila chakula changu kabla yangu. Niliomba hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na niliona aibu kidogo, maana watu wengine wanaombea wagonjwa.

Ni Rebecca aliyeniletea jibu, au nilidhani ni jibu. Rebecca ni Mmaasai wa hapa hapa, tunasali pamoja Alhamisi na akina mama. Mume wake Tajeu ana lori la ng'ombe, na kila Jumatatu linateremka tupu kwenda Namanga, linavuka mpaka, na Jumanne linapakia kwenye mnada ulioko Tanzania, mwendo wa karibu saa moja kwa miguu kutoka mpakani.

"Mama Ndanu," akaniambia, "kule kuna vijana wametembea na ng'ombe siku mbili. Wako na njaa mpaka unaiona."

"Hakuna wapishi?"

"Wako mama lishe, lakini wote wamekaa upande wa barabara. Upande wa ng'ombe hakuna mtu."

"Kwa nini?"

Rebecca akafikiri. "Harufu," akasema.

Tuliamini hivyo sote wawili. Watoto wake wamesoma, kijana wake mkubwa ni karani, anakula kwangu nyumbani akiniletea salamu na anaomba kuongezewa. Rebecca hakukumbuka mila za vijana wa kule. Na mimi sikuwa na cha kukumbuka.

Usiku huo nilisoma habari za yule mjane wa Sarepta aliyekuwa akiokota kuni mbili apike, ale na mwanawe, wafe. Nikawaza, huyu hata alikuwa na mtu wa kufa naye. Nikafunga Biblia nikaomba msamaha.

Basi Jumatatu tukaupandisha mkokoteni kwenye lori. Pale mpakani, afisa wa upande wa pili, kijana mwenye adabu sana, alizunguka ule mkokoteni mara mbili.

"Shikamoo mama."

Mimi huwa nasahau jibu lake. "Mzuri," nikasema. Akatabasamu.

"Mama, hiki ni chombo cha usafiri au ni mzigo?"

"Ni jikoni."

"Jiko?"

"Jiko ni hilo hapo ndani. Hii yote ndiyo jikoni yangu."

"Unahamia kwetu?"

"Hapana. Napika, narudi kesho jioni."

Akaandika kwa utaratibu, huku akisema kila neno: "Jikoni moja, yenye magurudumu mawili." Akanitakia kazi njema. Nilitoka pale nikijisikia mtu. Sikuwa nimewahi kuvuka nchi yoyote maishani, wala Mwololo hakuwahi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilijiambia, Wamaasai ni nyama. Huwezi kwenda kwa wenyewe mara ya kwanza na mahindi matupu. Kwa hivyo nilikuwa nimenunua mbuzi Namanga, nikamchemsha alfajiri pale mnadani na kumchanganya na muthokoi yote, na jua lilipopanda ile harufu ilitembea mpaka kwa ng'ombe wa mwisho. Nilikuwa nimesimama upande wa zizi peke yangu, sahani arobaini zimepangwa, turubai juu, upawa mkononi.

Vijana walikuja. Wekundu, warefu, shuka na rungu, vumbi la siku mbili miguuni. Waliangalia sufuria. Niliona koo zikishuka na kupanda. Halafu waliniangalia mimi, wakageuka wakaenda. Wakaja wengine, wakasimama mbali, wakaenda. Mmoja alijifunika pua kwa shuka, na haikuwa kwa sababu ya uvundo, maana macho yake yalikuwa yanataka. Saa sita ikafika. Hakuna sahani moja iliyochafuka.

Kutoka upande wa barabara akaja mama mmoja mnene, kitambaa kichwani, anajifuta mikono. Alikuwa Mpare, wenzake walimwita Mama Elinipa, na ndiye mkubwa wa wale mama lishe.

"Jamani, mama wa Kenya! Unampikia nani huku?"

"Hawa."

Alicheka mpaka akashika gurudumu. "Hawa? Hawa hawali kwako. Hawali kwangu pia. Hata wafe!"

"Kwa nini?"

"Ungeuliza kabla ya kuwasha moto, ungejua. Ninyi Wakenya mna haraka, hata hodi hampigi." Lakini alisema bila ubaya, na akanishika bega. "Pole, mama. Na ukichoka, huu mkokoteni niuzie mimi. Umetengenezwa vizuri."

Baada yake akaja mzee anayeshika lango la zizi. Lemein. Alikuwa na fimbo na koti kuukuu la mvua juu ya shuka.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko." Hiyo najua, ya Kitengela.

"Hiyo nyama umeiangalia?"

"Mzee, si nimeipika!"

"Ndiyo. Umeiangalia. Basi ni yako." Akakaa kwenye jiwe, akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto wa shule. Morani hagusi nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Na chakula kingine, hata kisicho nyama, hawezi kula huku mwanamke aliyeolewa anamwona. Na tena hawezi kula peke yake, lazima awe na mwenzake wa rika moja.

"Lakini mimi nimefiwa, mzee."

"Uliolewa. Macho ni yale yale."

"Kwetu Kitengela wanakula."

"Hao wamesahau," akasema, na hakuwa analaumu. Ilikuwa habari tu.

Ile nyama yote ilienda kwa wake zake na watoto, na nyingine nikampelekea Mama Elinipa na wenzake. Mimi sikula. Mtu wa mwisho angekuwa nani, kama hata wa kwanza hakuwepo? Nilirudi Noonkopir na sahani arobaini safi. Mkokoteni nikauacha kwa Lemein, kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kuupandisha tena.

Rebecca alipopata habari alijipiga paji la uso. "Mimi ni mjinga! Mama Ndanu, nisamehe. Baba yangu angenichapa."

"Hukujua kwamba sijui," nikamwambia.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma kitabu cha Mwanzo, nikafika pale Nuhu amelala uchi hemani, na wanawe Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume wasione. Niliisoma mara tatu. Nikaweka mahindi majini, bila nyama.

Jumanne iliyofuata nilifika kwa Lemein na turubai mkononi. "Mzee, nikisimamisha hili kwa miti miwili, wao upande ule, mimi upande huu, mgongo nimewapa. Nikipakua, wewe unapitisha. Itakuwaje?"

Alilipapasa lile turubai kama ngozi ya kununua. Akaenda kuongea na wazee wenzake, akakaa sana. Akarudi.

"Ukuta ni ukuta," akasema.

Wakala. Walikuja wawili, watatu, watano, kamwe hawakuja mmoja. Lemein alipitisha sahani, na mimi niliketi kwenye debe, uso kwa kichaka, mgongo kwa turubai. Nilisikia vijiko. Nilisikia wakicheka kwa Kimaasai, wakisukumana, mtu akikohoa, mtu akikwangua sahani. Kabla ya mchana sufuria ilikuwa tupu mpaka chini, hata sehemu yangu haikubaki. Nikanywa chai na mkate ndani ya lori.

Nilimshukuru Mungu. Kweli nilimshukuru. Na wiki iliyofuata pia, na ile nyingine.

Lakini nitasema ukweli. Ukikaa na mgongo kwa watu arobaini wanaokula, na wewe ndiye umewapikia, ni upweke ambao sikuujua hata Noonkopir. Chumbani kwangu angalau hapakuwa na mtu. Hapa walikuwepo. Nilijaribu kusoma vijiko kama nilivyosoma nyuso, lakini vijiko arobaini ni kama mvua kwenye mabati. Nikimuuliza Lemein, "Chumvi?", anajibu, "Wanakula." Nikimuuliza, "Wanapenda?", anajibu, "Wanakula." Waliokuwa wanakula nilikutana nao baadaye njiani wakiswaga ng'ombe, na sikujua yupi alikula na yupi hakula. Walinipita kama mti.

Miezi minne hivyo. Alhamisi moja, baada ya maombi, Rebecca akaniuliza, "Na sasa umepata watu?"

"Nimepata vijiko," nikamwambia.

Akafikiri ni mzaha, akacheka. Mimi nilienda nyumbani nikaamua. Nitauza mkokoteni kwa Mama Elinipa. Nitajifunza ile sufuria ndogo, kama wajane wengine wanavyojifunza. Ndanu akifurahi, afurahi.

Jumanne iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha kule juu, na mnada ulikuwa na watu wachache. Nilikuwa nimekubaliana na Mama Elinipa kwamba akimaliza kazi yake atakuja kuuchukua. Nilipika kama siku zote. Wakaja wale waliokuja, wakala, wakaondoka na ng'ombe wao. Saa kumi chakula cha kama watu watatu kilikuwa bado kipo. Nikaanza kuosha sahani. Niliziosha vizuri kuliko kawaida, na ule mkokoteni nikaufuta mpaka chini kwenye magurudumu, pale Kisilu alipopaka grisi.

Ndipo nikamwona akija. Morani mmoja, peke yake, na ng'ombe mmoja anayechechemea. Wenzake, nilikuja kuambiwa, walikuwa wamefika tangu asubuhi, na yeye aliachwa nyuma na huyo ng'ombe aliyeumia mguu kwenye mawe. Walikuwa wameshauza na kuondoka wakijua atawakuta mbele. Midomo yake ilikuwa myeupe. Akasimama kando ya turubai akiangalia sufuria, na kwa kuwa alikuwa bado hajala, mimi niliruhusiwa kumwona. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa na umri wa Ndanu.

Nikapakua haraka nikampa Lemein sahani. Lemein akaongea naye. Yule kijana akatikisa kichwa.

"Hataki?"

"Anataka," Lemein akasema. "Hana wa kula naye."

"Si uko wewe?"

"Mimi si rika lake. Mimi ni kama baba yake."

"Amekula lini?"

Akamuuliza. "Juzi asubuhi."

"Na atakula lini?"

"Akiwakuta wenzake. Labda kesho."

"Mzee! Atakaa na njaa mpaka kesho na chakula kiko hapa?"

"Atakaa. Hata wewe hujala," akasema. "Miezi minne sijakuona ukila. Mbona sikuulizi?"

Kumbe macho ya mtu yalikuwa kwangu wakati wote huo, na mimi nimekaa nikilia kwamba hakuna anayeniona.

Yule kijana akachuchumaa karibu na ng'ombe wake. Hakuonyesha kuudhika. Alikaa tu, kama mtu anayejua ni heri akae na njaa kuliko kula peke yake, na hilo kwake halina mjadala. Nikamwangalia, nikakumbuka mlango wangu wa Noonkopir, na mimi nimesimama na ile sufuria ndogo.

Lori la Tajeu likapiga honi. Mama Elinipa akatokea, anajifuta mikono, amefurahi. "Haya mama wangu, nimekuja. Umeshauosha?"

"Bado mtu mmoja."

"Yupi? Yule? Huyo hali, si unajua."

Nilitoka pale na upawa mkononi, nikaingia katikati ya mnada. "Nani ni rika la yule?" nikawa nauliza. "Nani ni rika la yule kijana wa ng'ombe kiwete?" Watu wakasimama. Mwanaume mmoja wa mbuzi akaita, "Mama wa Kenya anatafuta mchumba!" Wakacheka wote. "Mwambie aweke upawa chini kwanza, atamtisha!" Niliwaacha wacheke. Nikauliza kwa wauza ngozi, kwa wanywa chai, mpaka nikafika kwenye lori la Tajeu lenyewe, na pale juu, akisukuma ng'ombe wa mwisho, alikuwa kijana mmoja wa kupakia, amevaa suruali na kofia, lakini masikio yametobolewa.

"Wewe, mwanangu. Unamjua yule?"

Akachungulia. "Namjua. Tulitahiriwa mwaka mmoja."

"Shuka ukale naye."

"Mama, mimi nimeshiba. Nimekula wali." Halafu akainama, akashusha sauti. "Kwa Mama Elinipa. Usimwambie mzee Lemein."

"Sitamwambia. Shuka."

"Lori linaondoka!"

"Litaondokaje na wewe uko chini?"

Tajeu akatoa kichwa dirishani. "Mama Ndanu, giza litatupata mpakani!"

"Dakika kumi, baba."

Yule kijana akashuka, anacheka, nikamshika mkono wa shati mpaka kwenye turubai ili asinipotee njiani. Walisalimiana kwa Kimaasai. Nikapakua sahani mbili, moja imejaa, moja nusu. Lemein akapitisha. Nikaketi kwenye debe langu, nikawapa mgongo, nikaangalia kichaka.

Kijiko cha kwanza. Na safari hii vilikuwa viwili tu, nilivisikia kimoja kimoja. Kile cha mwenye njaa kilikwenda haraka, halafu, badala ya kuendelea, kikasimama. Kikaenda polepole. Kikasimama tena. Ndani ya kichwa changu nikamwona, anatafuna, anaangalia mbali, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Chumvi imepungua?" nikaita, bila kugeuka.

Vijiko vyote viwili vikasimama.

"Nauliza. Chumvi imepungua?"

Yule wa suruali akapasuka kwa kicheko. "Yeyo," akaniita, yaani mama, "imepungua tangu siku ya kwanza!"

"Miezi minne?"

"Miezi minne. Vijana wote wanajua."

"Na hamkusema?"

"Mtu anakupa chakula, utasemaje?"

Yule mwingine akasema kitu kwa Kimaasai, sauti nzito, na wote wawili wakacheka.

"Anasemaje?"

"Anasema ile ya mwezi uliopita ilikuwa mbaya zaidi. Lakini wakimaliza kuuza ng'ombe wanakuja tu, kwa sababu wewe huwapimii chakula."

Nilichukua kopo la chumvi kutoka kwa mkokoteni. Nikapiga magoti, uso kwa kichaka, nikanyoosha mkono nyuma yangu mpaka chini ya turubai. Sikuona kitu. Nilisikia vidole vikavu vikigusa vyangu, vikachukua kopo. Baada ya muda mdogo likarudi, likawekwa mkononi mwangu na mkono wangu ukafungwa juu yake, vizuri, ili lisianguke.

Kisha kijiko kikaanza kukimbia.

Walipomaliza, Lemein akanirudishia sahani. Moja ilikuwa imelambwa. Ile ya nusu ilikuwa imeguswa kidogo tu, kwa adabu. Nilipogeuka, yule morani alikuwa ameshafika mbali na ng'ombe wake, na yule wa suruali alikuwa anakimbilia lori.

Mama Elinipa alikuwa amesimama hapo wakati wote, mikono kiunoni. "Haya. Sasa nauchukua?"

"Mkokoteni hauondoki, dada."

"Jamani! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Nisamehe."

Aliniangalia, akaangalia turubai. Akatikisa kichwa. "Wakenya," akasema. Lakini alipoondoka alikuwa anatabasamu, na tangu wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa ananiuzia chumvi.

Honi ikalia tena, mara mbili. Nikamwinulia Tajeu mkono angoje. Nilikwangua sufuria, nikapata kama vijiko sita, nikaweka kwenye sahani ya bati. Nikaketi kwenye debe, mgongo kwa turubai kama kawaida, ingawa upande ule hapakuwa na mtu tena. Nikafumba macho, nikashukuru, nikatia kijiko mdomoni.

Kweli, ilikuwa haina chumvi kabisa. Nikafungua kopo, nikajiongezea.